Basi Lisilo na Kondakta

Mtanzania anayehamia Japani hudhani barabarani hatapata tabu. Kule nako magari hupita kushoto na usukani uko kulia. Gari lenyewe analijua tangu Dar es Salaam, maana mengi ya magari yetu ya mitumba yametoka huko, mengine bado yana stika za Kijapani kwenye kioo. Gari ni lile lile, lakini adabu yake ni nyingine.

Mabasi ya jiji la Tokyo hupandwa kwa mlango wa mbele na nauli ya yen 210 hulipwa papo hapo. Kyoto, mengi hupandwa kwa nyuma, na yen 230 zake hulipwa wakati wa kushuka. Mikoani unapopanda unachomoa kikaratasi chenye namba, halafu unakodolea macho ubao ulio juu ya dereva, ambapo nauli ya namba yako inapanda kituo hadi kituo. Asiye na kikaratasi anaweza kudaiwa nauli ya tangu mwanzo wa njia.

Kondakta hayupo. Kuna kisanduku cha nauli kando ya dereva na mashine ya kuchenji noti ya yen 1,000. Ya 10,000 kwa kawaida haipokelewi. Julai 2024 zilipotoka noti mpya, mashine nyingi za mabasini hazikuzitambua. Mgeni anasimama pale na noti mkononi, na foleni nyuma yake iko kimya. Kimya hicho ndicho kinachomuumiza mtu wa kwetu. Kwenye daladala konda angemfokea, abiria mmoja angemtetea, mwingine angemlipia, yakaisha. Huku hakuna anayemsuta, kwa hiyo hajui amekosa kiasi gani. Mara nyingi ni kidogo tu: nimemwona dereva akimwambia abiria alipe siku nyingine, kisha akamwinamia kichwa.

Jingine ni kuinuka mapema. Sisi tumezoea kusogea mlangoni kabla ya kituo. Dereva wa Japani husihi kwa kipaza sauti watu wakae mpaka basi lisimame kabisa, kwa sababu abiria wengi ni wazee, na mtu akianguka basi likitembea, dereva ndiye atakayewajibika. Mgeni asiyeelewa maneno hudhani anaharakishwa, akazidi kukimbilia mbele. Huwa ninamwonea huruma sana, na dereva pia.

Anayeendesha mwenyewe ana yake ya kujifunza. Kwenye kivuko cha reli lazima asimame kabisa, hata kama kizuizi kiko juu na treni haionekani. Akipishwa, huwasha taa za hazadi kidogo kama asante; honi haipigwi ovyo. Kwenye pombe, sheria ya mwaka 2007 imekaza zaidi: aliyemnywesha dereva, na aliyeomba kupakiwa huku akijua dereva amelewa, nao wanaadhibiwa. Ndiyo maana mhudumu wa baa anaweza kukuuliza umekuja na usafiri gani. Ukiwa na gari, huitwa madereva wa kukodi, nao huja wawili: mmoja anakuendeshea gari lako hadi nyumbani, mwenzake anafuata nyuma na gari la kurudia.