Buli Lililozaliwa Bila Kitako

Mwaka 1975, Martin Newell, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alikuwa akitafuta kitu cha kuchora kwa kompyuta. Wakiwa wanakunywa chai, mkewe Sandra akamwambia achore buli lao. Newell akachukua karatasi ya grafu, akalichora kwa penseli huku akilikadiria kwa macho, kisha akaziingiza namba za mchoro huo kwenye mashine. Likatokea buli la kupendeza, lenye mdomo, mkono na kifuniko.

Kitako hakikuwepo.

Aliyelitazama kutoka ubavuni hakuona kasoro yoyote. Ilibidi ligeuzwe juu chini ndipo uonekane uwazi ambao chai yote ingepitia ikimwagika. Kazi ya 3D ndivyo ilivyo: kosa hujificha hadi umbo lizungushwe au taa ihamishwe.

Umbo hilo lilikuwa na vipande 28 vya nyuso zilizopinda, kila kimoja kikiongozwa na nukta, kwa mbinu aliyoieneza mhandisi Mfaransa Pierre Bézier alipokuwa akisanifu mabodi ya magari ya Renault. Nyingi za nukta hizo zinaelea nje ya uso wenyewe. Ukiisogeza moja, sehemu iliyo karibu huvutika kuielekea. Mfinyanzi huusikia udongo ukikubali au ukikataa chini ya vidole vyake. Newell alikuwa na namba tu: badilisha, subiri, tazama, badilisha tena. Baadaye mwenzake James Blinn alilipunguza kimo, likawa bonge, na umbo hilo ndilo lililoenea duniani na hatimaye kupewa kitako. Buli halisi limehifadhiwa katika Computer History Museum, California. Ni refu kiasi kwamba aliyezoea lile la kompyuta hudhani hili ndilo lililokosewa.

Makosa ya siku hizi yana sababu zinazoeleweka vizuri. Nyuso mbili zikilaliana mahali palepale, kompyuta hushindwa kuamua ipi iko mbele, kwa kuwa hupima umbali kwa tarakimu chache. Matokeo yake ni mistari inayometameta kila kamera inaposogea. Uso nao una mbele na nyuma. Ukigeuzwa kimakosa, shavu la mhusika linaweza kuwa jeusi au kutoweka kabisa.

Kosa la mwanga ndilo linalokula muda. Programu nyingi hutuma miali kwa kubahatisha, hufuata jinsi inavyodundadunda, kisha hutafuta wastani wa rangi ya kila nukta ya picha. Miali ikiwa michache, picha hujaa chenga kama televisheni ya zamani iliyopoteza mawimbi. Hesabu yake haina huruma: ili chenga zipungue kwa nusu, miali lazima iongezwe mara nne; ili zipungue hadi robo, mara kumi na sita. Ndiyo maana fundi mzoefu hurenda, yaani huiagiza kompyuta ikokotoe picha, kwanza kapicha kadogo kenye chenga tele, akaangalia tu kama kivuli kimeangukia panapotakiwa. Anayeanza hurenda picha kubwa usiku kucha, akaamka na kukuta kikombe kinaelea juu ya meza.

Gharama ya kukosea imeshuka sana. Filamu ya katuni ya Toy Story ilipotoka mwaka 1995, fremu moja iliweza kuchukua kati ya dakika 45 na saa 30 kurendwa, na sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Katika hali hiyo, msanii alilazimika kuamua karibu kila kitu kwenye karatasi kabla ya kuigusa kompyuta.

Mwongozaji wa filamu Gints Zilbalodis wa Latvia alipita njia nyingine. Katuni yake Flow, inayomhusu paka anayekimbia mafuriko, ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure. Hakuchora kila tukio kwenye karatasi kwanza. Alijenga mandhari ndani ya kompyuta, kisha akatembeza kamera humo kama mpiga picha wa harusini anayehangaika kutafuta pa kusimama, akijaribu upande huu na ule na kuona matokeo papo hapo. Machi 2025, filamu hiyo isiyo na neno hata moja la mazungumzo ilishinda Oscar ya filamu ndefu bora ya katuni.