Ndege za Rufiji na Mabega ya Kusini (Sehemu ya Tatu)

Kila redio inapotangaza kuwa droni imeipiga meli ya mizigo Bahari ya Shamu, vijana hapa Kiegei husema hivi ni vita vya aina mpya. Hapana. Ndege na meli ziliwindana kwenye pwani yetu zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika Vita Kuu ya Kwanza.

Msomaji anakumbuka tulikoiacha manowari ya Kijerumani Königsberg: imekwisha kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, tarehe 20 Septemba 1914, na imejichimbia kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Kutoka baharini haikuonekana. Waingereza wakamtafuta rubani wa kiraia, Dennis Cutler, mwenye ndege ya majini aina ya Curtiss. Rejeta ikavuja, Mombasa ikapatikana ya gari la Ford! Novemba hiyohiyo akaiona manowari. Ndege za Sopwith zilizofuata zilishindwa na joto letu, gundi ikaachia.

Katikati ya 1915 zikaja Farman na Caudron, zikirukia uwanja uliofyekwa Mafia. Kazi yao kubwa ilikuwa kuona. Tarehe 11 Julai rubani Cull alizunguka juu ya mikoko huku mwenzake Arnold akiarifu kwa redio kila kombora la Waingereza lilipoangukia. Ndege ikapigwa. Ikishuka bila injini, Arnold aliendelea kusahihisha shabaha hadi wakatumbukia mtoni. Wote wawili walipona, Königsberg haikupona.

Vita navyo havikwisha. Mizinga 10 ya manowari hiyo ilitolewa majini ikapigana nchi kavu. Machi 1916 meli ya Kijerumani Marie ikawapenya Waingereza na kushusha silaha Sudi, hapohapo jirani na Lindi. Nani alizibeba? Wapagazi, porini, kwa mabega. Vitabu vinamtaja Cull, vinamtaja Arnold, hata rejeta vinaitaja. Mpagazi aliyekufa kwa njaa na kuhara hana jina. Mzigo wa vita siku zote hutwishwa asiyeulizwa.

Hata leo, meli zikikwepa Bahari ya Shamu huzunguka Afrika nzima, gharama hupanda, na mkulima wa korosho wa Ruangwa huikuta kwenye bei ya dizeli na salfa.

Walimu wa historia wa Nachingwea na Ruangwa, wapelekeni wanafunzi kwa wazee wakaandike majina ya mababu waliokamatwa upagazi. Msingoje mtafiti kutoka nje. Juma lijalo: mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917.