Kila Mkaguzi Aanze Peke Yake

Kazi yangu ni kukagua programu za simu kabla hazijawafikia wateja. Hivi karibuni nilikagua programu moja ya vikundi vya kuweka na kukopa. Mwanachama anaandika kiasi cha hisa, anabonyeza "Tuma", kisha skrini inanyamaza: haimwambii asubiri, wala haimwambii kuwa fedha imepokelewa. Niliandika palepale: huyu atabonyeza tena, na atakatwa mara mbili.

Kuliona hilo hakukuhitaji kumwita mwanachama. Mwaka 1990 Jakob Nielsen na Rolf Molich, wote wa Denmark, walieleza namna ya kukagua kwa kufuata kanuni chache. Mwaka 1994 Nielsen akazipanga upya zikawa 10. Ya kwanza ndiyo hiyo: mtumiaji ajulishwe kinachoendelea. Nyingine zinataka maneno anayoyajua, njia ya kughairi, na ujumbe wa kosa unaomwelekeza la kufanya. Aliyeruka tarakimu moja ya namba ya simu hasaidiwi na "Hitilafu 402". Anasaidiwa na "Namba ina tarakimu 9, zinatakiwa 10".

Kanuni hizo zinahitaji nidhamu ninayoishikilia sana: wakaguzi wawe watatu hadi watano, na kila mmoja aanze peke yake. Katika tafiti za Nielsen, mkaguzi mmoja aligundua kwa wastani asilimia 35 hivi ya kasoro. Matokeo ya watano yakijumlishwa, yalikaribia robo tatu. Hawaoni mambo yaleyale. Mwenzangu aliyewahi kuwa mweka hazina wa kikundi aliona nisichokiona: ukurasa wa kuidhinisha mkopo unaonyesha kiasi, jina la mkopaji halipo. Tungeanza pamoja mezani, wa kwanza kusema angetuvuta sote kwenye jambo lake.

Baadaye tunakutana, tunaunganisha orodha na kupima uzito wa kila kasoro, kuanzia 0, ambayo si tatizo, hadi 4, ambayo lazima irekebishwe kabla programu haijatoka. Skrini inayonyamaza na jina lisiloonekana zote zilipata 4.

Wanachama bado wanaitwa kuijaribu, maana yako mambo ambayo mtaalamu hawezi kuyakisia. Lakini wasiitwe kutuonyesha kasoro ambazo sisi wenyewe tungeziona. Wameacha biashara na mashamba yao kuja kutusaidia. Tuwaheshimu kwa kutimiza sehemu yetu kwanza.