Mbwa Mwenye Kichaa Hunywa Maji

Swali ni lilelile, liwe limetoka Mugumu, Nyamongo au Sirari: "Daktari, mbwa aliyemng'ata mtoto tumemwekea maji, akanywa. Basi hana kichaa, sivyo?" Sivyo. Kipimo hicho hakipo. Mbwa mwenye kichaa anaweza kumaliza bakuli la maji, akavuka na kijito, na bado mate yake yakaua.

Kuogopa maji ni dalili ya binadamu. Virusi huingia na mate kidondani, hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na safari hiyo aghalabu huchukua wiki kadhaa mpaka miezi mitatu. Vikishafika, misuli ya koo hukaza kila mgonjwa anapotaka kumeza. Ana kiu, anaomba maji mwenyewe, lakini kikombe kikigusa midomo koo linambana kwa maumivu na pumzi inakatika. Baadaye hata kuyaona tu maji, au kupulizwa na upepo usoni, humshtua vivyo hivyo.

Sasa wapo wanaomnywesha maji aliyeng'atwa kila asubuhi, waone kama ataogopa. Wanangoja nini? Siku atakayoyaogopa, hakuna hospitali ya kumponya. Muda wa chanjo ni huo wanaoupoteza.

Kwa mbwa, tazama mengine: mpole aliyekuwa mkali ghafla, anayeng'ata mawe na vijiti, aliyebadilika sauti, au taya limelegea na mate yanachuruzika. Wenye ng'ombe nanyi sikieni: ng'ombe akilia mfululizo, mate yakimtoka na hamezi, usimtie mkono kooni ukidhani amekwamwa na kitu.

Na waganga wanaojisifu kuwaponya wengi? Mbwa wengi wanaong'ata hawana kichaa, na hata akiwa nacho, si kila aliyeng'atwa huugua. Hao ndio "waliopona". Waliobaki hawarudi kutoa ushuhuda. Majani, jiwe jeusi na mafuta ya taa havifikii virusi vilivyo ndani ya mishipa. Vinamchelewesha mgonjwa tu.

Ukiumwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo. Nenda hospitali siku hiyohiyo; piga simu kwanza uulize kama chanjo ipo, ikikosekana nenda kwingine. Maliza dozi zote kwa tarehe ulizopewa. Ngozi ikitoboka, uliza pia kuhusu kingamwili za kuchoma kidondani. Mbwa akikamatika bila hatari, mfunge siku 10 na umwite afisa mifugo. Akibaki mzima, daktari ataamua kama chanjo isimame. Usimngoje mbwa ndipo uanze chanjo.

Kinga yenyewe inaanzia kwa mbwa. Vijiji vya Wilaya ya Serengeti vilipoanza kampeni ya kuchanja mbwa mwaka 1996, kichaa kilipungua kwa mbwa, na watu waliokwenda hospitali kwa kung'atwa wakapungua pia. Panapochanjwa mbwa 7 kati ya 10 kila mwaka, ugonjwa hukosa njia. Wanaoharibu hesabu hiyo ni wanaoacha watoto wa mbwa nyumbani wakisema bado wadogo. Nao huchanjwa. Siku ya chanjo ikitangazwa kijijini kwako, peleka mbwa wote, na wadogo wabebe.