Kabla ya Kulipa Ada, Nenda Ukakione Chuo

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, wazazi hunipigia simu mchana na usiku, na swali lao ni lilelile: "Mwalimu, kijana kapata D zake, nimpeleke chuo gani?" Sehemu ya jibu ipo kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, unaoonyesha vyuo, kozi na sifa za kujiunga. Anayetaka stashahada ya utabibu, kwa mfano, anahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mwongozo ukishakupa orodha ya vyuo vinavyoweza kumpokea mwanao, kinachobaki ni kupanda basi ukaangalie.

Nasisitiza hivyo hasa kwa vyuo vidogo. Tanzania tunavyo vyuo vinavyoshika fani moja na kuifundisha kwa undani: Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora, Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi, kampasi za uvuvi za FETA kule Mbegani na Nyegezi, Chuo cha Wanyamapori Mweka kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Vipo pia vyuo vingi binafsi vya afya, vingine vikiwa ndani ya uzio mmoja na hospitali ya misheni. Kwenye chuo cha namna hiyo mkufunzi humjua mwanafunzi kwa jina, na asipoonekana darasani siku mbili kuna mtu atamuulizia. Ila chuo chenye wakufunzi watatu wa fani kikiondokewa na mmoja, kozi nzima inayumba. Ndiyo maana kila ninapofika nauliza nani anafundisha somo gani, kama ameajiriwa au anakuja kwa muda, kisha naomba kuona ratiba ya wiki hiyohiyo.

Nenda siku ya kazi, saa za vipindi. Siku ya mahafali kila chuo kinapendeza. Ofisi ya udahili watakupokea vizuri na kukupa vipeperushi. Shukuru, kisha omba kupelekwa karakana au maabara, na usiwe na haraka ya kutoka humo. Chuo kimoja cha afya nilichotembelea kilikuwa na maabara ya mazoezi yenye vitanda vipya na sanamu ya kujifunzia kuzalisha, bado imefungwa kwenye nailoni iliyokuja nayo. Daftari la mazoezi lilikuwa mezani, na saini ya mwisho ilikuwa ya miezi mingi nyuma. Kwenye chuo kingine, chenye majengo ya kawaida sana, nilikuta mkono wa bandia uliotobolewa sindano mpaka ukabadilika rangi, na wasichana wawili wakigombea zamu ya kutafuta mshipa. Mzazi niliyefuatana naye nilimwambia palepale: huyu mlete hapa.

Kwa kozi za afya, sehemu kubwa ya masomo iko wodini. Uliza wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani, na ni vyuo vingapi vingine vinaleta wanafunzi hapohapo. Wodi ndogo ikipokea wanafunzi wa vyuo vitatu asubuhi moja, wengi watarudi hosteli wameona migongo ya wenzao tu.

Halafu mchukue mtoto mwenyewe. Naona wazazi wanakagua chuo kwa makini, wanahesabu vyoo, wanapima uzio, na atakayesoma kaachwa nyumbani anafua. Binti mmoja baba yake alitaka asomee uuguzi. Tulipoingia wodini alijikaza, akasalimia wagonjwa, akajibu kila alichoulizwa. Njiani kurudi akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, yule bibi sikuweza kumwangalia. Baba naomba umwambie wewe." Nilimwambia. Mzee alikaa kimya mpaka tukafika stendi, kisha akauliza kama vyuo vya kilimo navyo vinachukua wenye Baiolojia na Kemia. Vinachukua. Sasa hivi binti huyo akinipigia simu ni habari za mbegu na vitalu mwanzo mpaka mwisho, na sijamsikia akiwa na furaha hivyo tangu nimfahamu.

Saa ya chakula kaa na wanafunzi, bila mwenyeji wako wa ofisini. Waulize ni lini mara ya mwisho kipindi hakikufundishwa, maji ya hosteli yanakatika kwa siku ngapi, na waliomaliza mwaka jana wako wapi. Omba namba za wahitimu wawili watatu.

Kuhusu fedha, soma maelekezo ya kujiunga mpaka mwisho, maana chini ya ada kuna mitihani, bima, sare, vifaa na gharama za fildi. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, lakini kwa fani za kipaumbele, kwa hiyo hakikisha kozi yenu imo kabla hujapanga bajeti juu ya mkopo. Hakikisha pia kozi yenyewe imeidhinishwa, maana chuo kinaweza kuwa na usajili halali na bado kikatangaza kozi ambayo haijapata kibali.

Najua nauli ya kutoka Kigoma hadi Moshi, ya mzazi na mtoto, ni mzigo. Kama haiwezekani, mtafute ndugu anayeishi jirani na chuo, hata kama ni shemeji wa mbali, umpe maswali haya. Akifika akupigie simu ya video pamoja na mtoto, na msikubali aipige akiwa getini. Aingie kwanza karakanani.