Acheni Kupindua Herufi za Kiarabu

Swali ni lilelile, na limenijia tena: "Kaka, fanksheni gani inageuza Kiarabu ili kisomeke vizuri kwenye terminali?" Anayeuliza huwa kijana wa kwetu, wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, anayeandika programu Riyadh au Jeddah. Amepewa kazi ya kuunda skrini ya maandishi matupu: fomu ya ghala, orodha ya wageni, menyu ya seva inayofikiwa kwa SSH. Ametumia ncurses, urwid au Textual, wijeti zimejipanga na Kiingereza kimekaa sawa. Akiingiza jina la mteja kwa Kiarabu, herufi zinatoka zimeachana, tena zimeanzia kushoto. Kabla sijafungua mdomo ananionyesha dawa aliyopewa na wenzake: pindua mfuatano wa herufi, kisha uchape.

Dawa hiyo ni sumu, na nimechoka kuikuta ndani ya programu zinazotumiwa na watu wazima kufanyia kazi za watu.

Kwenye kumbukumbu ya kompyuta, Kiarabu hakijapinda hata kidogo. Herufi inayosomwa kwanza ndiyo inayohifadhiwa kwanza, kama ilivyo kwa Kiswahili. Kila aliyepita chuoni kwa maalimu anajua kwamba herufi moja ina sura ya mwanzo, ya kati, ya mwisho na ya peke yake. Ila sura hizo ni kazi ya anayechora, na herufi yenyewe ni moja. Waarabu wenyewe waliliamua jambo hili zamani. Kiwango cha ASMO 708, kilichokubaliwa mwaka 1987 kuwa ISO 8859-6, kiliipa kila herufi namba moja bila kujali umbo lake, na Unicode ikafuata njia hiyohiyo. Kupanga herufi kwa ajili ya macho kuna kanuni yake ndefu, ambayo Unicode inaitunza chini ya jina UAX 9. Haifanani hata kwa mbali na kusoma mfuatano kinyumenyume.

Tazama kinachotokea ukipindua. Mstari una jina la mtu na namba yake ya iqama, yaani kibali cha ukaazi cha Saudia. Namba za iqama zina tarakimu 10 na huanza na 2. Tarakimu, hata katikati ya Kiarabu, husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ukipindua mstari mzima, ile 2 inakwenda mwisho na umeshampa mtu namba isiyo yake. Mwaka 1446 wa Hijria unakuwa 6441. Jina la Kilatini lililoandikwa kando linasomeka kwa nyuma. Kisha mtu anaongeza sharti la kuziacha tarakimu, mwingine anaongeza sharti la mabano, na baada ya muda mnakuwa na UAX 9 ya kienyeji iliyojaa matundu.

Wajanja zaidi huniambia wao hawapindui kwa mkono. Wanatumia arabic_reshaper kuziunganisha herufi, halafu python-bidi kuzipanga. Maktaba hizi mbili zinafanya kazi yake kwa uaminifu, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni mahali zinapoitwa: mara tu data inapoingia, na matokeo yake yanahifadhiwa. Chukua neno "السلام". Lina herufi sita: alifu, lamu, sini, lamu, alifu, mimu. Likishapitishwa huko, lamu na alifu ya pili zinakuwa umbo moja, na neno linabaki na vipande vitano, vyote vikiwa na namba za kundi la maumbo lililomo Unicode kwa ajili ya mifumo ya zamani. Kwa mipangilio ya kawaida, arabic_reshaper hufuta pia irabu, na hulikusanya jina la Mwenyezi Mungu kuwa alama moja. Sasa tuseme umepokea orodha ya mahujaji kutoka Zanzibar, na karani wa Jeddah anamtafuta Abdallah. Ataandika herufi kama kibodi yake inavyomwandikia, na programu itamjibu kwamba mtu huyo hayupo. Yupo, amesimama mbele yake na pasi yake mkononi, ila wewe umeligeuza jina lake kuwa picha.

Halafu huja malalamiko ya pili, yale ya "kwangu inafanya kazi." Mwenzako wa Riyadh anatumia xterm, ambayo haipangi maandishi ya kulia, anaona ulichokipindua, anasoma, anafurahi. Aliyeko Jeddah anaingia kwa PuTTY, ambayo kwa kawaida yake hupanga Kiarabu yenyewe na kuunganisha herufi. Inachukua ulichokwisha kupindua na kukipindua tena. Programu ni ileile na seva ni ileile, na mmoja kati yao anasoma upuuzi. Swali la maana, ambalo karibu hakuna anayeniuliza, ni hili: kati ya programu na terminali, nani anapanga? Lazima awe mmoja tu. Vim imelijua hilo miaka mingi, ndiyo maana ina chaguo liitwalo termbidi la kuiambia kwamba terminali ndiyo inayoshughulikia mpangilio. Emacs tangu toleo la 24.1 la mwaka 2012 hupanga yenyewe, hata ikiwa ndani ya terminali.

Hapa wengine hurukia jibu jepesi: basi tuiachie terminali. Kwa programu inayochapa mstari na kushuka chini, nakubali kabisa. Chapa herufi kwa mpangilio wake wa asili na usiguse kitu. Kwa skrini ya wijeti haiwezekani, na sababu yake inastahili kueleweka. Maktaba ya wijeti huigawa skrini kuwa seli na huandika kutoka kushoto. Terminali haijui kwamba kuna jedwali. Inachokiona ni mstari mmoja mrefu wenye herufi na vijistari vya mipaka. Weka safu mbili zilizopakana, ya kwanza jina la mtu kwa Kiarabu, ya pili jina la mji kwa Kiarabu. Kijistari kilicho kati yao hakina upande wake, na kwa kanuni ya UAX 9 alama isiyo na upande ikiwa katikati ya Kiarabu na Kiarabu huhesabiwa kuwa ya kulia. Kwa hiyo terminali inaviona vyote, jina, mpaka na mji, kuwa kipande kimoja, na inakipanga chote kutoka kulia. Mji unahamia safu ya jina, jina linahamia safu ya mji, na mpaka unasogea. Mstari wa chini wenye jina la Kilatini unabaki ulivyo. Nimeona watu wakilitafuta kosa hilo ndani ya ncurses siku nzima, na ncurses haina kosa.

Egmont Koblinger aliliandika tatizo hili kwa kina katika pendekezo lake la maandishi ya pande mbili kwenye terminali, akijenga juu ya ripoti ya zamani ya ECMA, TR/53. Kazi yake iliingia katika VTE 0.58 ya mwaka 2019, maktaba inayotumiwa na GNOME Terminal ya toleo la 3.34. Wanaotoa ushauri wa kupindua herufi wangelisoma andiko hilo kwanza.

Sasa ya kufanya, kwa haraka. Hifadhi data kwa mpangilio wa asili, kila mahali, bila ubaguzi. Programu inapofungua skrini nzima, tuma ESC [ 8 l ili terminali inayoelewa iache kupanga, unapofunga, rudisha kwa ESC [ 8 h. Kwa terminali za Konsole na PuTTY, zima upangaji huo kwenye mipangilio yake, na PuTTY ina vitufe viwili tofauti, cha mpangilio na cha kuunganisha herufi, zima vyote. Kuunganisha na kupanga kufanyike ndani ya wijeti, kwa kila uga peke yake, hatua ya mwisho kabla ya kuchora, kwa maktaba ya FriBidi au zile mbili za Python. Jina likizidi upana, likate kabla ya kulipanga. Ukilikata baada ya kulipanga, ukingo wa kulia unaoutupa ndio wenye mwanzo wa jina. Pima upana baada ya kuunganisha, kwa sababu ya ile lamu na alifu. Kishale kiongoze kwa ramani ya nafasi ambayo FriBidi inakupa. Chagua fonti ya upana mmoja yenye Kiarabu, kama Kawkab Mono au DejaVu Sans Mono. Mtumiaji akinakili kutoka kwenye skrini atapata herufi zilizopangwa kwa macho, kwa hiyo mpe kitufe cha kunakili kinachochukua data yenyewe.

Kama hifadhidata imeshaharibika, tafuta nakala ya akiba. Ukiikosa, usawazishaji wa NFKC utayarudisha maumbo kuwa herufi za msingi. Mpangilio utaurudisha mwenyewe rekodi baada ya rekodi, ukizikagua tarakimu, na irabu zilizofutwa hazirudi. Kisha jaribu programu yako kwa safu mbili za Kiarabu zilizopakana, kwa "السلام", na kwa jina lenye namba ya iqama mbele yake, ndani ya xterm na ndani ya PuTTY, kabla hujamkabidhi karani.