Bichi, Ufuo na Pwani

Kwa watoto wetu wa leo, kila mahali maji yanapokutana na nchi kavu ni "bichi". Neno hilo la Kiingereza si haramu, lakini limemeza maneno ambayo kila moja lilikuwa na kazi yake.

Ufuo ni mchanga wa kando ya maji, pale wanapochezea. Mwambao ni urefu wote wa nchi ipakanayo na bahari, nalo latokana na kuambaa, yaani kupita kandokando bila kugusa. (Wazee waliotaja Mwambao kabla ya 1963 walikusudia siasa; hayo tuyaache.) Waarabu husema sahil, na wingi wake, sawahil, ndio asili ya jina letu. Katika Qur'ani Tukufu limo mara moja tu, Sura Twaha aya ya 39, katika kisa cha mama yake Musa alipoamrishwa amtie mwanawe sandukuni na maji yamfikishe ufuoni.

Tunaloliwazia zaidi ni pwani. Limetoka katika kupwa: ni pale maji yalipoondoka pakabaki wazi. Asemaye pwani amekwisha kutaja kuwa maji yatarudi. Mtoto wa bichi huona uwanja tu. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hapa Mombasa maji yaweza kupanda zaidi ya mita 3. Enyi mama, kalenda ya Kiislamu i ukutani mwenu. Itazameni kabla ya kuwaruhusu kwenda kuokota makombe.